Magadi ndani ya jani: kazi ya bikaboneti katika usanisinuru

Chumvi inayolainisha maharage jikoni ina ndugu yake aliyejificha ndani ya kila jani la kijani. Ndugu huyo akiondoka, mkondo wa umeme unaotengeneza chakula cha viumbe karibu vyote duniani hudorora. Wanasayansi wamechukua zaidi ya nusu karne kumwelewa, na walichokigundua kinawahusu wakulima wa mpunga wa Texas, wakulima wa mahindi wa Afrika Mashariki, na hata ndege aina ya heroe wa Bonde la Ufa.

Jina lake ni bikaboneti. Ni chembe ndogo yenye haidrojeni moja, kaboni moja na oksijeni tatu, na hubeba chaji hasi. Hewa ya ukaa inapoyeyuka katika maji, sehemu yake hugeuka kuwa bikaboneti. Inapoungana na sodiamu hupatikana unga mweupe unaouzwa madukani kwa ajili ya kuumua keki. Magadi yanayochimbwa katika maziwa ya Bonde la Ufa, ambayo mama wa Kiafrika huyatia katika makande, mlenda au maharage magumu, ni mchanganyiko wa bikaboneti hiyo na kaboneti ya sodiamu.

Kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba mmea huchukua hewa ya ukaa, maji na mwanga wa jua, ukatengeneza sukari na kutoa oksijeni. Kisichofundishwa mara nyingi ni kwamba hewa hiyo ya ukaa ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwa malighafi ya sukari. Ya pili, ikiwa katika umbo la bikaboneti, ni kusimamia mtambo wenyewe unaonasa mwanga.

Mji uliokulia katika mpunga

Mji wa Katy uko takriban kilomita 50 magharibi ya katikati ya Houston, mahali zinapokutana kaunti tatu za Harris, Fort Bend na Waller. Leo unajulikana zaidi kwa mitaa mipya ya makazi na barabara pana iendayo Houston. Miongoni mwa wahamiaji wengi walioweka makazi katika eneo hilo la Houston wamo pia watu waliotoka Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo.

Lakini kabla ya nyumba kulikuwa na mashamba. Mpunga wa kwanza wa Katy ulipandwa mwaka 1901 na mkulima William Eule, na kwa miongo mingi mbuga tambarare iliyouzunguka mji ilifurika maji ya umwagiliaji kila msimu wa kilimo. Maghala marefu ya kukaushia na kuhifadhi mpunga yaliyobaki mjini ni ukumbusho wa enzi hiyo. Mashamba yamepungua kadiri Houston ilivyopanuka, ingawa mpunga ungali unalimwa katika maeneo ya magharibi na kusini magharibi ya mji huo.

Mkulima wa huko hupanda mwanzoni mwa majira ya kuchipua na kuvuna kati ya Julai na Agosti. Kwa kuwa joto la pwani ya Ghuba ya Mexico hudumu muda mrefu, wengi huyaacha mashina yachipue tena ili wavune mara ya pili. Jua kali ndilo linalompa mavuno hayo mawili, na ndilo pia linaloweza kuuumiza mmea wake. Hapo ndipo habari ya bikaboneti inapoanza kuwa na uzito.

Aliona sawasawa, akaeleza vibaya

Mwaka 1960, mwanasayansi wa Ujerumani Otto Warburg, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa utafiti wake kuhusu upumuaji wa seli, alichapisha pamoja na msaidizi wake Günter Krippahl matokeo yaliyowashangaza wengi.

Walikuwa wakifanya jaribio ambalo msingi wake uliwekwa na Mwingereza Robert Hill mwishoni mwa miaka ya 1930. Hill alionyesha kwamba kloroplasti, yaani vijumba vya kijani vilivyomo ndani ya seli za jani, vinaweza kutolewa katika jani na bado vikatoa oksijeni vikimulikwa, mradi vipewe kemikali ya kupokea elektroni. Katika jaribio hilo hakuna sukari inayotengenezwa, kwa hiyo haikutarajiwa kwamba hewa ya ukaa ingehitajika.

Warburg na Krippahl walipoiondoa hewa ya ukaa, utoaji wa oksijeni ulipungua sana. Walipoirudisha, nao ukarudi.

Warburg alilichukulia jambo hilo kuwa ushahidi wa nadharia aliyoishikilia kwa muda mrefu, kwamba oksijeni tunayoivuta inatoka katika hewa ya ukaa. Wanasayansi wengine walikuwa na sababu nzuri ya kumpinga. Mwaka 1941, Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao wa Berkeley, California, walitumia oksijeni nzito, iliyowekewa alama kwa kuwa na uzito usio wa kawaida, wakaonyesha kwamba oksijeni inayotoka katika mmea inatokana na maji.

Warburg alifariki dunia mwaka 1970 bila kuiacha nadharia yake. Vipimo vya kisasa zaidi, vilivyofanywa katika miaka ya 2000, vimethibitisha kwamba bikaboneti siyo malighafi ya oksijeni hiyo. Hata hivyo jambo alilolishuhudia lilikuwa la kweli. Ilibaki kazi ya kutafuta maana yake.

Govindjee na swali lililoachwa

Aliyelibeba swali hilo kwa muda mrefu kuliko wengi ni Govindjee, mwanasayansi mzaliwa wa Allahabad, India, anayetumia jina moja tu. Alifika Marekani mwaka 1956 na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960, mwaka uleule Warburg alipochapisha matokeo yake. Alibaki Illinois kama mwalimu na mtafiti.

Katika miaka ya 1970, yeye na wanafunzi wake, wakiwemo Alan Stemler na Thomas Wydrzynski, walibuni njia za kuitoa bikaboneti katika kloroplasti kwa uangalifu. Njia mojawapo ni kutumia fomati, chumvi itokanayo na asidi inayopatikana katika sumu ya baadhi ya sisimizi. Fomati inafanana na bikaboneti kiasi cha kuweza kukaa katika kiti chake, lakini haiwezi kufanya kazi yake.

Fomati ilipoingia, mkondo wa elektroni ulidhoofika. Ilipoongezwa chembe ya bikaboneti, mkondo uliongezeka mara kadhaa.

Ili kujua ni mahali gani panapokwama, watafiti hao walitumia tabia moja ya jani ambayo jicho halioni kwa urahisi. Jani linapomulikwa, sehemu ndogo ya mwanga hurudishwa nje kama mng'ao hafifu mwekundu. Njia ya elektroni ikiwa wazi, mng'ao huwa mdogo. Njia ikiziba, mng'ao huongezeka, kwa kuwa nishati iliyonaswa inakosa pa kwenda.

Mwaka 1975, Wydrzynski na Govindjee walieleza kwamba bikaboneti ilikuwa ikifanya kazi upande wa kupokea elektroni, mbali na pale maji yanapovunjwa. Kwa maneno mengine, Warburg alikuwa ameutazama mlango usiokuwa wenyewe.

Kivuko na mlinda lango

Mtambo unaohusika huitwa Mfumo wa Nuru wa Pili. Ni mkusanyiko wa protini uliopachikwa katika utando ulio ndani ya kloroplasti. Mwanga unapoupiga, elektroni moja huruka kutoka katika klorofili, ile rangi inayoupa mmea ukijani wake. Nafasi inayoachwa wazi hujazwa na elektroni iliyonyang'anywa maji, na hapo ndipo oksijeni inapozaliwa.

Elektroni iliyoruka hupita hatua chache hadi kufika kwa molekuli mbili zilizo jirani, zote za aina ya plastokwinoni. Wataalamu huziita A na B. Molekuli A imefungwa mahali pake na haiondoki. Molekuli B hupakia mzigo, huondoka, na nyingine tupu huja kushika nafasi yake.

Anayejua kivuko cha Likoni mjini Mombasa, au kile cha Kigamboni jijini Dar es Salaam, ataelewa upesi. A ni gati. B ni chombo kinachosubiri abiria, nacho hakiondoki mpaka kipate elektroni mbili, pamoja na protoni mbili ambazo tunaweza kuzifananisha na mizigo yao. Kikishajaa, kinang'oa nanga kuelekea hatua inayofuata. Safari ya elektroni kutoka A hadi B haichukui hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kati ya gati na chombo ipo atomu moja ya chuma. Atomu hiyo hushikwa katika sehemu sita. Nne zimeshikwa na histidini, ambazo ni sehemu za protini yenyewe. Mbili zilizobaki zimeshikwa na bikaboneti. Mwaka 2011, watafiti wa Japani wakiongozwa na Jian-Ren Shen na Nobuo Kamiya walichapisha picha ya mtambo huo iliyoonyesha atomu zake kwa uwazi usiokuwa umepatikana kabla, na bikaboneti ilionekana waziwazi imekaa kitini pake kando ya chuma.

Kwa hiyo bikaboneti ndiyo mlinda lango wa gati. Inaliweka umbo la mahali hapo sawasawa, na inasaidia kuzifikisha protoni kwenye chombo. Ikikosekana, abiria huchelewa kupanda na chombo huchelewa kuondoka.

Jambo moja linaifanya habari hii iwe ya ajabu zaidi. Bakteria fulani wa zambarau nao hunasa mwanga kwa mtambo unaofanana na huu, wenye chuma na molekuli zilizo jamaa za plastokwinoni, lakini wao hawatoi oksijeni. Katika mtambo wao, kiti cha bikaboneti kimejazwa na glutamati, ambayo ni sehemu ya protini na haiwezi kung'oka. Swali likawa: kwa nini viumbe vinavyotoa oksijeni vichague mlinda lango anayeweza kuondoka?

Jua linapozidi

Jibu lililopata uzito mkubwa lilitolewa mwaka 2016 na watafiti wakiongozwa na Bill Rutherford wa Chuo cha Imperial jijini London. Walipima nguvu ambayo molekuli A inaishikilia nayo elektroni, mara bikaboneti ikiwepo na mara isipokuwepo. Waligundua kwamba ikiondoka, A huishika elektroni kwa nguvu zaidi, tofauti ikiwa takriban milivolti 75. Vilevile waligundua kwamba A ikikaa na elektroni kwa muda mrefu, bikaboneti hulegea na kuondoka kwa urahisi.

Milivolti 75 ni kidogo kuliko umeme wa betri ya saa ya mkononi. Ndani ya jani, tofauti hiyo inaweza kuamua kama mtambo utanusurika au utaungua.

Fikiria saa sita mchana katika shamba lililokosa maji. Mmea umefunga matundu madogo ya majani yake ili usipoteze unyevu. Kwa kufanya hivyo umezuia pia hewa ya ukaa isiingie. Utengenezaji wa sukari umepungua, lakini jua halijapunguza chochote. Elektroni zinaendelea kurushwa huku mbele hakuna anayezihitaji. Vyombo vyote vimejaa na hakuna kinachorudi tupu. Gati limefurika.

Katika hali hiyo elektroni huweza kurudi nyuma ilikotoka. Njia mojawapo ya kurudi huiacha klorofili katika hali ya msisimko wa hatari. Klorofili hiyo ikikutana na oksijeni ya kawaida huigeuza kuwa oksijeni yenye ukali, inayoshambulia chochote kilicho karibu, na ya kwanza kuumia ni protini za mtambo wenyewe. Mmea hulazimika kuzivunja na kuzijenga upya kila mara, kazi inayoula akiba yake.

Bikaboneti ikiondoka, hali hubadilika. Kwa kuwa A sasa inaishika elektroni kwa nguvu zaidi, njia ile ya hatari huwa ngumu kufikiwa, na elektroni hurudi kwa njia nyingine isiyozaa oksijeni kali. Mtambo hupunguza kasi, lakini hauungui. Hewa ya ukaa ikipatikana tena, bikaboneti hurejea kitini na kazi huendelea.

Mlinda lango basi ni swichi pia. Anaondoka wakati hewa ya ukaa imepungua, na kuondoka kwake kunautuliza mtambo ambao bila hewa hiyo ungekuwa unajiangamiza. Hilo linaeleza kwa nini kiti chake hakikujazwa na kitu cha kudumu kama glutamati.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 uliongeza ushahidi mwingine. Watafiti wa Ujerumani walipotazama mtambo huo ukiwa bado unaundwa, kabla haujawa tayari kutoa oksijeni, walikuta kiti cha bikaboneti kimeshikwa kwa muda na glutamati. Mmea, inaonekana, huiweka swichi katika hali ya usalama mpaka mtambo ukamilike, ndipo bikaboneti hukaribishwa.

Sehemu kubwa ya ushahidi huu inatokana na utando na protini zilizotolewa katika majani na vijidudu na kupimwa maabara. Ni kwa kiasi gani swichi hiyo hutumika ndani ya jani zima, shambani, ni jambo ambalo wataalamu wangali wakilifanyia kazi.

Mahali ambapo dawa za magugu hupiga

Mkulima wa mpunga wa Texas amekuwa akilitumia eneo hili la mtambo kwa zaidi ya miaka 60, pengine bila kulijua kwa jina. Propanil, dawa ya kuua magugu iliyoingia katika mashamba ya mpunga ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, hufanya kazi kwa kukalia nafasi ya molekuli B. Chombo kikikosa pa kutia nanga, elektroni hukwama na gugu hufa kwa jua lilelile lililokuwa likililisha.

Mpunga haufi kwa sababu una kimeng'enya kinachoivunjavunja propanil kabla haijaleta madhara. Ndiyo maana wakulima huonywa wasipulizie baadhi ya dawa za wadudu karibu na siku za kupulizia propanil: dawa hizo hukizuia kimeng'enya hicho, na mpunga ukaungua pamoja na magugu.

Kinga hiyo haikubaki mali ya mpunga peke yake. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa jimbo jirani la Arkansas walithibitisha kwamba gugu mojawapo sugu la mashamba ya mpunga lilikuwa limepata uwezo uleule wa kuivunja dawa.

Atrazini, inayotumiwa katika mashamba ya mahindi ya nchi nyingi, nayo hulenga nafasi ya B. Mahindi hunusurika kwa kuwa yanaweza kuidhoofisha. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2004 kutoiruhusu tena, kutokana na kuonekana katika maji ya chini ya ardhi. Mwaka 1981, Govindjee na wenzake walionyesha kwamba bikaboneti ikiondolewa, namna atrazini inavyojishika kwenye mtambo hubadilika. Ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba kiti cha mlinda lango kiko jirani kabisa na mahali dawa inapopiga, miaka 30 kabla ya picha ya Japani kulithibitisha hilo.

Maziwa ya magadi

Hakuna mahali ambapo uhusiano wa bikaboneti na usanisinuru huonekana kwa macho kama katika maziwa ya Bonde la Ufa: Magadi, Nakuru, Elmenteita na Bogoria nchini Kenya, na Natron nchini Tanzania. Maji yake yana magadi mengi kiasi cha kuwasha ngozi. Katika ziwa Magadi, chumvi hiyo imechimbwa kwa biashara tangu kampuni ya Magadi Soda ilipoanzishwa mwaka 1911.

Katika maji ya namna hiyo hewa ya ukaa iliyo huru karibu haipo. Kaboni yote iko katika umbo la bikaboneti na kaboneti. Viumbe wengi wangeshindwa. Lakini kijidudu kiitwacho Arthrospira, kinachojulikana sokoni kama spirulina, kina pampu katika utando wake zinazoivuta bikaboneti kutoka majini na kuiingiza ndani, ambako hugeuzwa tena kuwa hewa ya ukaa na kutengenezwa sukari. Wanaokikuza kijidudu hicho kwa ajili ya chakula hutumia mchanganyiko ulioelezwa na Zarrouk mwaka 1966, ambao kila lita yake ina gramu 16.8 za bikaboneti ya sodiamu.

Arthrospira ndicho chakula kikuu cha heroe wadogo, na rangi ya waridi ya manyoya yao hutokana na chakula hicho. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa katika ziwa Natron.

Chakula hicho sasa kimo hatarini. Tangu mwaka 2010 hivi, kina cha maji katika maziwa ya Bonde la Ufa la Kenya kimepanda sana, kikafunika barabara, nyumba, shule na malango ya hifadhi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia picha za setilaiti kuyatazama maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki kwa kipindi cha kuanzia 1999 hadi 2022, ulionyesha kwamba kadiri maji yalivyopanda, ndivyo klorofili majini ilivyopungua. Eneo la ziwa Nakuru liliongezeka kwa asilimia 91 kati ya 2009 na 2022, na klorofili yake ikashuka kwa nusu.

Maji mengi huizimua magadi. Magadi yakizimuliwa, Arthrospira hupoteza upendeleo wake, na viumbe vingine visivyowafaa heroe huchukua nafasi. Ndege huhamia kwingine, ambako mara nyingi si ndani ya hifadhi.

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili hapa. Mlinda lango katika Mfumo wa Nuru wa Pili ni chembe moja tu kwa kila mtambo, na hata maji yaliyozimuliwa yana bikaboneti ya kutosha kwa kazi hiyo. Kinachopungua Nakuru ni ile kazi nyingine, ya bikaboneti kama chakula, pamoja na ukali wa maji unaowazuia washindani wasiingie.

Magadi si mbolea

Tofauti hiyo ina maana pia kwa mkulima. Mtu akisikia kwamba jani linahitaji bikaboneti anaweza kushawishika kumwagia mimea yake magadi. Atafanya kosa. Jani hujitengenezea bikaboneti linayoihitaji kutokana na hewa ya ukaa na maji yaliyomo ndani yake. Magadi yakizidi katika udongo huharibu, kwa sababu sodiamu hufunga udongo usipitishe maji wala hewa, na ukali wake huzuia mizizi kupata madini.

Katika mashamba ya mpunga ya Arkansas, maji ya visima yenye bikaboneti nyingi hupandisha ukali wa udongo mwaka baada ya mwaka, na miche hudhoofika kwa kukosa zinki. Wakulima wa skimu za umwagiliaji katika tambarare zilizo kusini ya mlima Kilimanjaro nao wanaujua udongo wa chumvi na magadi, ule unaokauka ukaacha unga mweupe juu na mpunga wa manjano.

Kinachotafutwa

Maswali haya yanapata uzito kwa sababu ya hali ya hewa. Mwaka 2011 Texas ilipata ukame mkali sana. Mwaka uliofuata, mamlaka inayosimamia maji ya mto Colorado wa Texas ilikata maji kwa wakulima wengi wa mpunga wa kaunti za Colorado, Wharton na Matagorda, jambo ambalo halikuwahi kutokea hapo kabla. Katika Pembe ya Afrika, misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022.

Wataalamu wa mimea wanaamini kwamba sehemu ya jibu imo katika jinsi mmea unavyojilinda na jua. Kinga ni ya lazima, lakini ikichelewa kuondolewa baada ya hatari kupita, mmea hupoteza muda wa kutengeneza chakula. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzao walibadilisha kinga nyingine ya mmea, isiyohusiana na bikaboneti, ili ijizime haraka jani linapopata kivuli. Tumbaku waliyoijaribu shambani iliongezeka uzito kwa takriban asilimia 15.

Hakuna aliyefanya hivyo bado kwa swichi ya bikaboneti, na zipo sababu za kwenda taratibu. Anayemwondoa mlinda lango kabisa anaupunguzia mtambo kasi hata siku ya mawingu. Anayemfunga asiondoke anauacha bila kinga siku ya ukame. Mmea umechagua kitu kinachokaa na kuondoka kulingana na hewa iliyomo ndani ya jani wakati huo, na anayetaka kuuboresha lazima kwanza ajue ni wakati gani hasa kinakaa na ni wakati gani kinaondoka.

Kwa sasa, elimu hiyo inamsaidia mkulima kwa njia ya kawaida zaidi. Inamweleza kwa nini jani linaweza kuungua kwa jua lilelile linalolilisha. Inamweleza kwa nini kumwagilia kabla mmea haujafunga matundu yake ni bora kuliko kungoja mpaka majani yanyauke, kwa kuwa wakati huo mtambo tayari umeshapunguza kasi. Na inamweleza kwa nini magadi yanafaa kwenye chungu cha maharage, iwe Moshi, Nakuru au Katy, lakini hayafai kwenye jaruba la mpunga.